Baba Yunis, Umerudi?

"Baba Yunis, umerudi?"

Hapo ndipo tulipomwacha mwalimu Doris wiki iliyopita, mguu mmoja juu ya jiwe, mwingine matopeni, katikati ya milima ya Rubeho, saa nne ya asubuhi. Maneno matatu tu. Lakini aliyeambiwa ni mumewe, na mumewe hakuwa baba wa mtu yeyote.

Aliyeyasema alikuwa mzee Kakuta, mchungaji aliyekuwa akiteremsha ng'ombe kwenye njia ile ile waliyokuwa wakipanda wao. Alikuwa amesimama, mkono ameunyoosha, anacheka kama mtu aliyemwona rafiki wa siku nyingi.

Goodhope hakuupokea mkono ule.

"Mzee, umenifananisha," alisema.

"Nimekufananisha?" Kakuta alimtazama kuanzia viatu hadi kofia. "Mimi kila jioni nahesabu ng'ombe mia mbili wakiingia zizini, sijawahi kukosea hata ndama. Nije nikosee mtu mmoja?"

"Mimi naitwa Goodhope."

"Ndiyo," mzee alijibu. "Hata wakati ule uliitwa hivyo hivyo."

Mguu wa Doris uliteleza juu ya jiwe.

Usimwone Doris mwepesi wa kushtuka, msomaji. Mwanamke wa miaka thelathini na sita, mwalimu wa hisabati pale shule ya Mabwerebwere, amesimamia mitihani ya darasa la saba mara kumi na moja, na mtoto anayeangalizia humjua hata akiwa amempa mgongo. Lakini habari ya mtoto kwake ilikuwa kidonda. Ndoa yake ya kwanza ilivunjika kwa ajili hiyo. Ndugu wa mume walimrudisha Kilosa na masanduku yake mawili, wakasema wamechoka kungoja mtoto.

Goodhope alipomposa alimwambia, "Mimi pia sina mtoto, Doris. Tuko sawa. Hakuna wa kumsimanga mwenzake." Ni maneno hayo yaliyomshinda Doris, si sura ya bwana yule, wala kazi yake ya ufundi wa minara ya simu. Walioana. Sasa ndoa ilikuwa na miezi minne.

"Shikamoo, baba," Doris alimgeukia mchungaji.

"Marahaba, mama."

"Huyo Yunis yuko wapi?"

Kakuta akainua fimbo kuelekeza juu, kwenye ukungu. "Si yuko kwa bibi yake! Amekuwa mkubwa, anasoma. Ukimwona utasema..."

Hakumaliza. Ndama wawili walikuwa wameingia kwenye shamba la maharage la watu. Mzee akateremka bondeni mbio akiwapigia kelele kwa Kimasai, na ukungu ukamfunika.

Goodhope akamshika mkewe kiganja. Mkono wake ulikuwa na jasho, na hiyo ilikuwa Juni, baridi ya mlimani inang'ata masikio.

"Twende, mke wangu. Wenzetu wanatuacha."

Wenzao walikuwa watatu. Mbele kabisa alitangulia Mwinshehe, mwenyeji wa Ulaya, kile kijiji cha Kilosa, mtu mzima mwenye panga kiunoni, aliyepewa kazi ya kuwaonyesha njia. Nyuma yake Kelvin, dereva wa malori kutoka Magole, mcheshi, aliyejiunga na kikundi wiki mbili tu zilizopita na kuapa kwamba hajawahi kupanda hata kichuguu. Na wa mwisho Brightness, fundi cherehani wa Kilosa mjini, shoga wa Doris wa kufa na kuzikana. Safari yenyewe ilikuwa wazo la Brightness. Yeye ndiye aliyeanzisha kikundi cha WhatsApp, akakiita Miguu Mizima, akasema likizo hii tusikae kusikiliza umbea wa mjini, twende tukapande mlima, tulale kwenye mahema kule juu, tushuke kesho.

Doris akatazama nyuma. Brightness alikuwa amejikunyata nyuma ya jabali, anafunga kamba za viatu.

Mara ya tatu. Walipopishana na akina mama wa kuni, Brightness alifunga kamba. Alipopita kijana wa pikipiki ya mkaa, alifunga kamba. Sasa tena.

Doris aliandika kichwani.

* * *

"Haya, nieleze," alisema walipobaki wawili nyuma ya wenzao.

"Nikueleze nini, Doris?"

"Goodhope. Mimi ni mwalimu. Usinipe kazi ya kurudia swali."

Mume alitembea hatua kama ishirini. Kisha akavua kofia, akajifuta uso.

"Nilifanya kazi huku. Miaka mingi iliyopita. Mnara wa simu wa Kisosi, kile kitongoji cha juu, niliusimamisha mimi. Nilipanga chumba kwa bibi mmoja. Palikuwa na kitoto pale, kinatambaa, kikazoea kuniita baba. Watu nao wakalichukua jina hivyo hivyo. Unajua watu."

"Jana pale Mikumi ulisema hujawahi kukanyaga milima hii."

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Hayo macho yako unayonitazamia sasa."

Ilikuwa hoja. Doris alijikuta anapumua. Wapangaji kuitwa baba na watoto wa mwenye nyumba ni jambo la kawaida, hata yeye watoto wa jirani humwita mama. Akakaribia kumshika mkono.

"Na mama wa huyo mtoto alikuwa..."

"Alishafariki."

Mkono wa Doris ukaishia njiani. Mtoto anayejibu swali kabla halijaisha, jibu analo tayari, amelikariri nyumbani. Hilo alilijua kuliko alivyojua jedwali la kuzidisha la saba.

"Alifariki lini?"

"Zamani. Doris, tafadhali. Tuko likizo."

Walifika kwenye kijito. Daraja lilikuwa gogo moja lililolala, limeota ukoga. Goodhope alivuka kwanza. Doris alipokuwa anangoja zamu yake, Kelvin alijisogeza karibu, kama mtu anayetaka kumsaidia begi.

"Dada Doris," alinong'ona, mdomo wake haukucheza, "mbele kuna korongo. Njia yake ni nyembamba. Ukifika pale, mwache kaka atangulie. Usikubali akae nyuma yako."

"Kwa nini?"

"Nasema tu."

"Kelvin! Umejuaje kuna korongo na hujawahi kufika?"

Kelvin akacheka, akapiga mluzi, akavuka gogo kwa mbio kama ngedere. "Mlima usio na korongo ni mlima gani, dada?"

* * *

Korongo lilikuwepo kweli.

Njia iliukumbatia mlima kwa ubavu, upana wake hata kondoo wawili wasingepishana. Kushoto hapakuwa na kitu. Ukungu tu, na chini yake sauti ya maji yaliyokuwa mbali mno.

Mwinshehe alikwisha pita. Kelvin alikwisha pita. Brightness alipita akitetemeka, uso ameugeuzia ukutani mwa mlima.

"Tangulia, mke wangu," Goodhope alisema. "Nipo nyuma yako."

Doris aligeuka akamtazama. Uso wa mumewe ulikuwa ule ule wa kila siku, uso wa mtu anayeosha vyombo bila kuombwa.

"Tangulia wewe."

"Mimi? Ukiteleza nani atakudaka?"

"Nimesema tangulia."

"Doris, kuna nini?"

Kule mbele Mwinshehe alipaza sauti kwamba wasisimame pale, mawe yana unyevu. Doris akaona aibu kugombana na mumewe mbele za watu. Akatangulia. Hatua ya kwanza. Ya tano. Ya tisa. Alikuwa anasikiliza viatu vya nyuma yake kuliko alivyotazama mbele.

Viatu vile vikaongeza mwendo.

Kisha mkono ukamgusa mgongoni.

Doris alipiga ukelele, akajizungusha kuukwepa. Jiwe likamponyoka chini ya kisigino. Mguu wa kulia ukakanyaga hewa, na ukungu ule mweupe ukaja juu kumlaki.

Hakuanguka. Kamba ya begi lake ilikazwa ghafla ikamkata kwapani, akavutwa, akarushwa ukutani. Goodhope alikuwa amelala kifudifudi juu yake, anahema, kiwiko kinachuruzika damu.

"Kamba ya begi lako ilifunguka," alisema kwa taabu. "Nilitaka nikufungie."

Macho yake yalikuwa na machozi.

"Ulidhani nini, Doris? Eh? Ulidhani nataka kukufanya nini?"

Muuaji hamwokoi anayetaka kumwua. Basi Kelvin alikuwa na lengo gani? Nani alikuwa anamwogopesha, na ili iweje?

Ng'ambo ya korongo, Kelvin alikuwa ameketi juu ya jiwe anamenya ndizi.

* * *

Aliyeangua kilio hakuwa Doris. Alikuwa Brightness.

"Turudi!" alilia, amemkumbatia Doris kwa nguvu zote. "Shoga yangu, turudi Mikumi. Sitaki tena. Mguu unauma, mlima gani huu, turudi tu!"

"Tumebakiza saa moja tufike Kisosi," Mwinshehe alisema kwa sauti kavu. "Na kurudi ni kupita hapo hapo korongoni."

"Mimi siendi Kisosi!"

"Utakwenda," alisema Mwinshehe. Hakusema kama mtu anayeomba.

Doris aliwatazama wote wawili. Mwonyesha njia na mtalii, mtu na mteja wake, hawazungumzi vile. Lakini Brightness alikwisha mvuta pembeni, nyuma ya kichaka, anampangusa matope kwa upindo wa khanga.

"Nimesikia habari za huyo mtoto," alisema huku akivuta kamasi. "Nilikuwa nyuma ya jabali, nikamsikia mzee yule. Mwanaume ni mwanaume, Doris. Msamehe. Na hata ukimchukia yeye, usimchukie mtoto. Yunis ana kosa gani? Miaka tisa tu."

Doris alikuwa anatikisa kichwa kukubali. Kichwa kikasimama.

"Nani kakwambia ana miaka tisa?"

"Eh?"

"Mzee yule wa ng'ombe hakutaja miaka. Goodhope hakutaja miaka. Nani kakwambia?"

"Si... nimekisia."

"Umekisia tisa."

"Doris jamani, unanifanyaje kama mwanafunzi wako?"

Kwa mara ya kwanza katika urafiki wao wa miaka miwili Doris alimtazama shoga yake kama mtu asiyemjua. Nani aliyemkutanisha na Goodhope? Brightness. Wapi? Kibandani kwake, pale anaposhonea. "Kuna kaka mmoja mpole, fundi wa minara, hana mke wala mtoto." Nani aliyeshona gauni la harusi na kukataa kulipwa? Nani aliyechagua mlima, miongoni mwa milima yote ya nchi hii?

Doris aliinuka, akafunga kamba ya begi yeye mwenyewe, mafundo mawili.

"Kaka Mwinshehe! Nyumba ya bibi yake Yunis iko wapi?"

Ndizi ya Kelvin ilisimama katikati ya safari yake.

"Iko njiani," Mwinshehe alijibu polepole. "Ya kwanza kabla ya mnara. Mambo ya watu mimi siyasemi, mwalimu. Mwenye kuyajua ni bibi huyo. Ukitaka, nitakupeleka."

"Nataka. Mimi na wewe tu. Hawa wapumzike hapa."

"Doris!" Goodhope alipiga hatua mbele.

"Wewe kaa hapo na kiwiko chako," Doris alimwambia. "Ukinifuata, ndoa hii imekufa leo."

Goodhope akasimama. Na jambo lililomkera Doris njia nzima ni hili: mumewe hakumtazama yeye alipokuwa anasimama. Alimtazama Mwinshehe, kama anayengoja ruhusa.

* * *

Ilikuwa nyumba ya bati, imesakafiwa, ua wake wa miti umezungushwa vizuri na kuachwa lango moja linalofungwa kwa mti wa kupitisha. Mnara wa simu ulisimama nyuma yake, ncha yake imemezwa na ukungu.

Bibi mrefu aliyenyooka kama mlingoti alikuwa anapepeta maharage. Hakuacha kupepeta.

"Shikamoo, bibi," Doris alipiga goti.

"Marahaba. Wewe ndiye mwalimu?"

"Ndiyo, mimi ni mwalimu Doris. Na wewe..."

"Hildegarda. Karibu ndani, nje baridi." Akamgeukia Mwinshehe. "Wengine?"

"Wako nyuma."

"Wasikawie. Chakula kinapoa."

Doris aliingia jikoni, akakaa kwenye kigoda alichooneshwa, ndipo maneno yale yakaanza kumwingia moja moja. Wewe ndiye mwalimu. Hakuwa amemwambia kazi yake. Wengine? Hakuwa amemwambia kwamba ana wenzake.

Akatazama pembeni. Juu ya mafiga palikuwa na sufuria la maharage ambalo lingetosha msibani. Juu ya meza, chini ya kitambaa cheupe, palikuwa na sahani. Akanyanyua pembe ya kitambaa. Hesabu haimwachi mwalimu wa hesabu hata akiwa mgonjwa: nane.

Bibi, mtoto, na wao watano. Hao saba. Moja imezidi.

"Shikamoo, mwalimu."

Msichana alikuwa amesimama mlangoni, sare ya shule imefupika kidogo, daftari mkononi. Miaka tisa, ndiyo. Na paji la uso la Goodhope, pana, lenye mkunjo mmoja katikati. Mpangaji? Mtoto wa mwenye nyumba? Uongo ulikufa pale pale mlangoni, bila kupigwa.

Doris alidhani atalia. Badala yake akashangaa kuona mkono wake mwenyewe umekwenda kumrekebisha mtoto kola.

"Marahaba. Wewe ni Yunis."

"Ndiyo."

"Unasoma darasa la ngapi?"

"La tatu. Nimekuwa wa pili. Wa kwanza aliniangalizia."

Doris akacheka, na kicheko kile kikamuuma mbavu.

"Mama yako yuko wapi, Yunis?" Aliuliza taratibu, maana jibu alikwisha pewa na hakutaka kumuumiza mtoto wa watu.

"Yuko Kilosa."

"Yuko... Amezikwa Kilosa?"

Msichana alimkazia macho. "Hajafa! Anashona nguo. Anapiga simu kila Jumapili."

Nje, ungo wa bibi uliendelea kulia, shwaa, shwaa.

"Huwa anakuja kukuona?"

"Hajawahi. Bibi anasema siku atakapokuja, atakuja na mgeni." Yunis akamwangalia mgeni yule kuanzia viatu vyenye matope hadi nywele. "Na mgeni akishafika, mama hataondoka tena."

Doris aliinama usawa wa macho ya mtoto.

"Unajua namba ya mama?"

"Kwa kichwa! Bibi alinifundisha, nikipotea niisome kwa mtu mzima." Akafunga macho kama anayekariri shairi, akaanza kuitaja, tarakimu baada ya tarakimu.

Doris alitoa simu yake. Chini ya mnara ule mtandao ulikuwa umejaa pomoni. Akabonyeza sifuri. Akabonyeza saba. Tarakimu ya nne, ya tano, ya sita. Simu, kama zilivyo simu za siku hizi, haikungoja amalize. Ilikuwa inaijua namba ile. Ikamletea jina kwenye kioo, na kando ya jina picha ya mwanamke anayecheka, amevaa sare ya harusi ya Doris mwenyewe.

*Brightness Shoga Wangu.*

Nje, ungo ukanyamaza.

Watu wengine wangepiga kelele. Wengine wangezimia. Doris alibonyeza kitufe cha kijani.

Simu ikaita. Sekunde moja kimya, ya pili kimya. Halafu mlio ukasikika hapo hapo nje, hatua kumi kutoka mlangoni.

* * *

Alitoka jikoni, simu bado iko sikioni.

Walikuwa wamesimama uani. Brightness, simu inalia mkononi, haikati wala haipokei. Goodhope kando yake, kiwiko kimefungwa kwa khanga, na khanga ilikuwa ya Brightness. Nyuma yao Kelvin.

Bibi Hildegarda alikuwa ameacha maharage. Alimtazama Brightness, na kidevu chake kikacheza mara moja tu.

"Umekonda," alimwambia.

"Mama," Brightness alisema, akaanza kulia kimya kimya.

Yunis alichungulia nyuma ya sketi ya Doris. Msomaji, mbele yake walikuwa wamesimama baba yake na mama yake, wote wawili, kwa mara ya kwanza tangu apate akili. Aliwapita kama anavyopita nguzo za ua. Alikimbia moja kwa moja, miguu peku, akamrukia Kelvin shingoni.

"Mjomba Kelvin! Umeniletea viatu?"

Kelvin, yule asiyewahi kupanda hata kichuguu, akamnyanyua mtoto juu, akambusu utosini.

"Nimekuletea, mama. Viko kwenye begi."

Doris alihesabu. Kuhesabu ndiko kulikomzuia asianguke. Watu watano waliondoka Mikumi alfajiri. Goodhope alikuwa anaijua nyumba hii. Brightness alizaliwa ndani yake. Kelvin alikuwa mjomba wa mtoto. Katika kikundi kizima cha Miguu Mizima, aliyekuwa hajui anakokwenda alikuwa mmoja peke yake.

Akamtafuta Mwinshehe kwa macho, angalau huyo, mtu wa kazi, mwonyesha njia tu.

Mwinshehe alikuwa anausukuma mti wa lango mahali pake. Akaugonga kwa ngumi uingie vizuri. Kisha akaegemea hapo, mikono kifuani, mgongo wake umeziba njia.

"Kaka Mwinshehe, fungua."

"Bado, mwalimu."

Brightness aliinama chini. Doris aliwatazama mmoja mmoja, hivyo hivyo anavyowatazama watoto darasani karatasi moja ya majibu inapopatikana chini ya dawati. Hofu ilikuwa imempanda hadi ikapita kiwango, ikageuka kitu kingine, baridi na kikavu. Akavua begi, akaliweka chini.

"Haya," alisema. "Mmenileta. Mume wa kupewa, shoga wa kupewa, likizo ya kupewa. Nani ataanza kusema kweli?"

"Doris, mimi sikutaka..." Goodhope alianza.

"Nyamaza," alisema Bibi Hildegarda.

Goodhope akanyamaza.

Bibi alijifuta mikono kwenye khanga, akaja hadi mbele ya Doris, karibu kabisa. Akamshika kidevu kwa vidole viwili, akaugeuzia uso wake kwenye mwanga, upande huu, kisha upande ule, kama mtu anayeikagua noti.

"Hawa usiwaulize kitu," alisema. "Hawa wametumwa. Aliyewatuma ni mimi. Miaka miwili nimekutafuta, na kila njia nyingine ungekataa kuja."

"Kunitafuta mimi? Mimi hunijui, bibi."

"Nikujue mara ngapi? Keti chini, mtoto wa Anastazia."

Doris aliketi juu ya begi lake. Kwenye vyeti vyake vyote, kuanzia cha kuzaliwa hadi cha ndoa, palipoandikwa jina la mama palikuwa na jina la mama wa kambo aliyemlea. Jina la Anastazia lilikuwa la mama aliyemzaa, aliyekufa Doris akiwa bado ananyonya. Baba yake alimtajia mara moja tu katika maisha yake, siku tatu kabla hajakata roho, na alimwapisha asilitaje kwa mtu yeyote chini ya jua. Na Doris hakuwahi kulitaja.

"Umelitoa wapi jina hilo?" alinong'ona.

Bibi Hildegarda aligeuka, akautazama mlango wa chumba cha nyuma, uliokuwa umefungwa tangu walipofika.

"Anastazia," aliita kwa sauti kubwa. "Toka nje. Amefika."

Na kitasa cha mlango kikaanza kuzunguka.